Fumua Kwanza

Nilifumua mashati kumi na moja kabla shangazi hajaniruhusu kukanyaga cherehani yake. Alikuwa akishonea barazani kwake Tandika, cherehani nyeusi ya miguu imeelekezwa barabarani ili apate mwanga, na mimi nimekaa chini mkekani na wembe uliovunjwa nusu, nakata uzi mmoja baada ya mwingine. Mashati yenyewe yalitoka sokoni pale pale, yale ya chini kabisa ya fungu, yenye doa la wino mfukoni au kola iliyolika, ambayo mchuuzi huyaachia kwa bei ya kutupa jua likianza kuzama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na matokeo yasiyonipeleka popote, na niliamini shangazi ananitesa. Ilikuwa shati la nane ndipo nikaelewa. Niliutoa mkono begani, nikaulaza mkekani, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kichwa cha mkono hakilingani pande mbili. Upande wa mbele umechotwa ndani zaidi, wa nyuma umeachwa mpana, kwa sababu mtu akinyoosha mikono mbele ni mgongo unaohitaji nafasi. Hakuna aliyeniambia. Shati ndilo lililoniambia.

"Umeona?" shangazi akauliza, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

Miaka kumi na minane imepita. Nimewashonea wanangu wawili karibu kila walichovaa kabla ya kuanza shule, nimegeuza mapazia kuwa magauni, suruali za jinzi kuwa mikoba, na makoti mazito ya baridi ya Ulaya kuwa vizibao ambavyo ndugu zangu wa Makete na Lushoto huvishukuru mwezi wa Julai. Sikusomea chuoni. Kwa hiyo nikikwambia kwamba unaweza kushona nguo nzuri nyumbani kwako kutokana na nguo kuukuu, sisemi hivyo ili kukuliwaza. Njia hiyo nimeipita kwa miguu yangu na najua inaanzia wapi. Inaanzia kwenye kufumua.

Wengi huanza kwa kuililia cherehani. "Dada, ningekuwa na cherehani, ningeshona." Nimeisikia kauli hiyo kwenye daladala, kwenye vikoba, msibani, na kila nikiisikia nauliza swali moja tu: umeshafumua nguo ngapi? Cherehani haimfundishi mtu kushona, inapiga uzi pale unapoielekeza. Mwalimu ni nguo yenyewe, na walimu hao wamemwagwa chini kwa mafungu pale Karume Ilala, Memorial kule Moshi, Kongowea Mombasa, Gikomba Nairobi, Owino Kampala. Shati la kiume la ofisini lina vipande visivyopungua kumi na vitano ukihesabu kola, kafu na ule mgongo wa juu wenye tabaka mbili. Kila kimoja kimepimwa na kukatwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo. Ukivifumua bila kuvichana, umeshika mkononi vielelezo ambavyo ungelipa ada ili uonyeshwe. Vipige pasi, vilaze juu ya gazeti, pitisha kalamu pembezoni, ongeza au punguza sentimita kulingana na mwili wa unayemshonea, kata. Umepata kielelezo chako cha kwanza, kwa bei ya andazi na chai.

Au geuza suruali ya jinzi, ndani iwe nje. Tazama mshono wa mguu. Kingo mbili zimekunjwa moja ndani ya nyingine kama mikono ya watu wanaosalimiana, zikapigwa uzi mara mbili, na hakuna ukingo hata mmoja unaochungulia. Ndiyo sababu jinzi hulika gotini na makalioni huku mshono umesimama vile vile. Mshono huo nilijifunza kwa kuufumua sentimita kumi, kuukunja tena kwa vidole na kuurudishia. Nilirudia mara nne au tano. Sasa naushona nimefumba macho.

Jambo hili wala si geni kwetu. Khanga unayojifunga ilizaliwa hivi hivi. Inasimuliwa pwani kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na Wareno, vikiuzwa kwa jora kabla ya kutenganishwa. Wareno walikiita kitambaa hicho lenço, sisi tukakiita leso. Akina mama wakakata vipande sita, vitatu juu na vitatu chini, wakaviunganisha kwa sindano, wakapata vazi ambalo hakuna mfanyabiashara aliyekuwa amelifikiria. Wenye maduka walipoona mtindo umeshika, ndipo wakaanza kuagiza vitambaa vizima vilivyopigwa chapa kwa umbo hilo. Mombasa mpaka leo khanga inaitwa leso. Kila ninapojifunga yangu nawakumbuka wanawake wale, ambao majina yao hatukuyahifadhi, waliokaa na vitambaa vya kufutia jasho mapajani wakaona ndani yake vazi la taifa zima. Waliliona kwa macho yale yale uliyonayo wewe.

Nguo za mitumba hapa kwetu wazee waliziita kafa Ulaya, kwa imani kwamba ni za Mzungu aliyekufa. Waghana nao wana obroni wawu, maana yake ile ile. Wazambia lakini wanasema salaula, yaani kuchagua kwenye rundo, na mimi jina hilo nalipenda kuliko yote. Majina mengine yanamtazama aliyeivua nguo. Hili linaitazama mikono ya anayeichukua.

Najua hoja ya wanaosema mitumba imeua viwanda vyetu, na siidharau. Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilivisha watu wa nchi hii. Mwatex ya Mwanza ilivisha watu. Sababu za kuanguka kwao ni nyingi, na nguo kutoka nje ni mojawapo. Mwezi Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, suala la AGOA, mpango wa Marekani wa msamaha wa ushuru kwa bidhaa za Afrika, likawekwa mezani, Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa soko la Marekani. Huo ni mvutano wa mataifa, nao utaendelea. Wakati unaendelea, mabalo yanafunguliwa kila alfajiri.

Na ndani ya mabalo hayo kuna jambo linaloniuma zaidi kuliko ushuru. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita. Sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, haijasokotwa uzi. Inaondoka bandarini ikiwa robota. Huko inakosokotwa na kufumwa na kushonwa, inavaliwa misimu miwili, inavuliwa, inarudi kwetu ikiwa robota. Shati la pamba unalolinunua kwa jero huenda limebeba jasho la mkulima wa Bariadi. Inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba, tangu shambani hadi kushonwa, hugharimu maji lita 2,700 hivi. Ukilifanya shati hilo tambara la kudekia kwa sababu limepungua vifungo viwili, umeyamwaga maji hayo yote na jasho la mkulima pamoja nayo. Ukilishona upya, umeirudisha pamba ya Bariadi kwa wenyewe.

Tushike kazi sasa. Chukua shati la baba watoto, lile kubwa la pamba ambalo kola imelika na halivai tena, tulifanye gauni la binti wa miaka mitano. Nalichagua hili kwa makusudi, maana ni kazi ya kwanza ninayompa kila ninayemfundisha, na sijamwona aliyeshindwa.

Lifue, likauke, lipige pasi. Usikate kitambaa kichafu wala kilichojikunja. Pamba isiyofuliwa itanywea baadaye na vipimo vyako vyote vitageuka uongo. Funga vifungo vyote, lilaze sakafuni juu ya shuka safi. Mpime mtoto kifua chini ya kwapa, kisha urefu kutoka kwapani hadi unapotaka gauni liishie. Kifua cha mtoto wa umri huo mara nyingi hakifiki sentimita 60, na shati la mwanaume mwenye mwili lina mzunguko wa kama sentimita 120. Una kitambaa mara mbili ya unachohitaji, na gauni la mtoto linataka kujaa, kwa hiyo hesabu imekaa upande wako.

Kabla ya chaki, wembe. Mfuko wa kifuani uko kwenye njia ya mkasi, basi ufumue. Anza kwenye kona ya juu, pale mshono ulipopigwa mara mbili kwa nguvu, kata uzi mmoja kila baada ya mishono mitatu, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Utatoka wote kwa pamoja kama mnyoo. Ukiuinua mfuko utakuta chini yake mraba wa rangi ya shati lilipokuwa jipya: buluu iliyokoza, katikati ya buluu iliyochoshwa na jua na sabuni. Nimefumua mifuko mingi sana na bado naguswa kila nikiuona mraba huo. Uhifadhi mfuko, utarudi kazini.

Sasa piga mstari kutoka kwapa hadi kwapa. Kama huna chaki ya fundi, kipande cha sabuni kilichokauka kinachora vizuri na kinatoka kwa maji. Angalia mstari usipite juu ya kifungo, na ukipita, usogeze juu kidogo. Kata tabaka zote mbili kwa pamoja. Umebaki na kitu kama pipa lisilo na mfuniko, mbele vifungo vimeshajipanga na chini kuna pindo la kiwanda lenye mviringo wake. Pindo hilo usiliguse kabisa. Kupinda pindo jembamba kwenye ukingo wa mviringo ni moja ya kazi ngumu katika ushonaji, nawe umeipata imeshakamilika.

Ukingo wa juu ulioukata, ukunje ndani nusu sentimita, ukunje tena sentimita mbili, piga bandi kwa uzi wa rangi tofauti ili uuone wakati wa kuutoa, kisha shona, ukiacha mwanya wa vidole viwili upande wa mgongoni. Pitisha lastiki, urefu wake ni kifua cha mtoto ukitoa sentimita nne, ukiiongoza kwa pini. Unganisha ncha, ziba mwanya. Vuta kidogo uone marinda yanavyojipanga yenyewe kifuani. Sehemu ya juu haitafunguka tena kwa vifungo, mtoto atalivalia kichwani. Kwenye mikono ya shati kata kanda za upana wa sentimita sita, zikunje mara mbili kwa ndani, zishone, zifanye kamba za mabegani. Mfuko urudishe chini, usawa wa mkono wake unapofika. Mwite. Mvalishe. Atatia mkono mfukoni kabla ya kitu kingine chochote.

Na kama huna cherehani, gauni hili linashoneka kwa mkono. Sindano ikienda mbele hatua moja, irudishe nyuma nusu hatua, uzi unapishana chini na juu na mshono unakaza kama wa mashine. Ni jioni mbili, tatu ukiwa na watoto wa kuangalia. Wale akina mama wa leso hawakuwa na cherehani.

Kuna jambo moja nakusihi usilipuuze, nalo ni kujua umeshika kitambaa gani. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye ukingo wa ndani, zishike kwa kibanio, ziguse moto wa kiberiti, juu ya sahani, mbali na watoto. Pamba inawaka kwa haraka, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Polista inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Joto la Dar es Salaam halikusamehe ukimshonea mtoto gauni la polista tupu lenye bitana, atakuwa na vipele kabla ya adhuhuri. Polista inafaa mikoba, vizibao, mapazia. Pamba ipe mwili. Na sindano nayo uibadilishe kulingana na kitambaa: shati jepesi namba 11 au 12, jinzi namba 16. Wengi wanaosema cherehani yao inaruka mishono, cherehani ni nzima, ni sindano iliyokuwa butu tangu Iddi iliyopita.

Utaharibu. Lazima nikwambie ukweli huu mapema ili siku ikifika usikate tamaa. Wifi yangu aliniletea gauni la sare, lile la kitenge la harusi ya kaka yake, kubwa, zuri, limevaliwa siku moja. Unajua sare zetu zilivyo: kamati inachagua kitenge, kila mtu anashona, sherehe inakwisha, gauni linaning'inia kabatini miaka sita. Aliniomba nimtolee sketi na blauzi ya kwendea kazini. Nilikata usiku, kwa haraka, umeme ukiwa unakatika na kurudi. Asubuhi nikakuta kipande cha nyuma cha sketi maua yake yanatazama chini. Nililia. Kisha nikaosha uso nikakifumua, nikatafuta upya kwenye kitambaa kilichobaki. Sketi ilipatikana, fupi kidogo kuliko alivyotaka, na kile kipande kilichokosewa kikawa mikono ya blauzi na kilemba. Mpaka leo nikikunjua kitenge, jambo la kwanza ninalotafuta ni kichwa cha ua. Kupotea njia ndiyo kujua njia, na kwenye kitambaa kuukuu kupotea kwenyewe ni rahisi kulipia: umepoteza jero na usiku mmoja. Fundi anayejifunzia kwenye kitambaa kipya cha elfu arobaini hushika mkasi kwa woga, na mkono wenye woga haukati mstari ulionyooka.

Kwa hiyo fungua kabati lako. Najua kuna sare humo. Kuna pazia lililofifia upande wa jua na kubaki zima upande wa ukutani, mita tatu za kitambaa kizito ambacho dukani hukigusi. Kuna suruali ya jinzi iliyotoboka goti: miguu yake, kuanzia gotini kwenda chini, ni mizima, nayo inatosha kitako cha mkoba na mifuko miwili. Kuna khanga iliyobaki moja, pacha wake amechanika. Ishonee khanga hiyo mgongoni mwa jaketi la jinzi la mtumba, maneno yake yakae sawa katikati ya mabega, uone mtaani watakavyokusimamisha. Halafu pita kwa fundi wa jirani jioni anapofagia. Vile vipande anavyovisukumia kwenye kiroba cha taka mwombe, atakupa kwa shukrani. Nimeshona shuka ya mtoto mchanga, yote, kwa vipande alivyonipa fundi mmoja wa vitenge kwa wiki tatu.

Kaka zangu, msipite hapa mkidhani maneno haya ni ya dada zenu. Ingieni Kariakoo mhesabu mafundi wanaume waliokaa nyuma ya cherehani, halafu mniambie sindano ni ya nani. Pembeni ya kila soko la mitumba kuna vijana wanaopunguza suruali na kubana mashati huku mteja amesimama anasubiri, na wengi wao walianza kwa kurekebisha nguo zao wenyewe. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na anajua kubandika kifungo kisitoke. Anafunga shingo ya uzi chini yake mara tatu, kama nilivyofunzwa mimi.

Na kama unatafuta kujua kazi hii inaweza kufika wapi, tazama Kampala. Mbunifu Bobby Kolade aliona mitumba ikishuka kwenye masoko ya mji ule, akaanzisha lebo ya BUZIGAHILL. Wananunua nguo zile zile za mitumba, wanazifumua, wanazikata, wanaziunganisha upya kwa namna ambayo hakuna aliyezitazamia, kisha wanazirudisha kuuzwa katika nchi zilikotoka. Mradi wenyewe, uliotoka mwaka 2022, wameuita Return to Sender: rudisha kwa aliyetuma. Kila mara nikiufikiria mradi huo nasimama wima. Fulana zilizotupwa zimepita mikononi mwa mafundi wa Uganda, na waliozitupa wanazinunua tena kwa bei ya nguo ya mbunifu. Kilichoongezeka njiani ni kufumua, kukata na kushona. Vitu hivyo vitatu unaweza kuvianza leo barazani kwako.

Sikwambii ukimbilie kuuza. Vaa kwanza. Wavalishe wa nyumbani, waende nazo shule, kanisani, msikitini, sokoni, zifuliwe mara ishirini, uone mshono upi umekaza na upi umeachia. Nguo iliyofuliwa mara ishirini ndiyo itakayokutafutia wateja, kwa kuwa jirani atauliza umeitoa wapi, nawe utajibu umeishona. Watakuwepo pia watakaosema umevaa viraka. Waache waseme. Wahenga walituachia neno kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii yako hukuiazima kwa mtu, unaujua kila mshono uliomo.

Shangazi alifariki mwaka juzi. Cherehani yake sasa iko sebuleni kwangu, mkanda wa ngozi nimeubadilisha, pedali inalia vile vile. Chini, kwenye kidroo cha mbao, nilikuta nyembe zake zimefungwa kwenye kipande cha jinzi, na vifungo vya mashati zaidi ya mia tatu vimetungwa kwenye uzi kwa saizi zake. Nimevitumia karibu nusu.

Basi jioni ya leo, ukishamaliza kuosha vyombo, tafuta shati moja nyumbani lenye kola iliyolika pale inapogusana na shingo. Nunua wembe. Fumua mshono mmoja tu, ule unaoishika kola kwenye ukanda wa shingo, polepole, usichane. Kola ikitoka igeuze, upande ulioficha uso wake miaka yote uje juu, ule uliolika uende chini. Weka alama katikati ya kola na katikati ya ukanda, zikutanishe, piga bandi, shona kwa mkono. Lipige pasi ulitundike mlangoni. Mwenye shati atalivaa asubuhi.